Bibi wa Barazani

Mjini kwao, kila nyumba ilitakiwa ifanane na picha yake iliyoidhinishwa, isipofanana, inabomolewa. Kazi ya Sikudhani ilikuwa kuzitia uhai picha hizo baada ya kompyuta kuzichora. Aliongeza kivuli hapa, vumbi dirishani pale, mpaka mtazamaji aamini.

Picha ya nyumba ya mama yake ilipomfikia, ilikuwa nyeupe pee, haina hata mtu. Akatia masizi ya jiko ukutani, kanga kwenye kamba, na mama mwenyewe barazani, anachagua mchele kwenye ungo.

"Mfute huyo bibi," alisema msimamizi wake, Bwana Mnzava. "Anatuharibia picha."

"Si mlitaka uhalisia? Mimi mama yangu simfuti. Mfute wewe, kama mkono wako unaweza."

Mkono wa Mnzava haukuweza. Picha ikapita hivyo hivyo.

Kwa miaka minne mkaguzi alikuja kila Jumatatu, akalinganisha, akaenda zake. Jumatatu hii, siku ya tano baada ya mazishi ya mama, aliitazama picha, akaitazama baraza tupu.

"Pole sana, dada. Lakini bibi hayupo. Itabidi niandike."

Sikudhani aliingia ndani, akatoka amejifunga kanga ya marehemu, akakaa palepale pa mama na kuupakata ungo wa mchele.

Mkaguzi akaiinamia picha tena. "Bibi wa pichani ana mvi."

"Andika ninakaa hapa," alisema Sikudhani, akitoa chuya mojamoja. "Mvi zinakuja."