Jipime Mwenyewe

Skolastika alimaliza swali la sehemu ubaoni bila kufuta hata tarakimu moja, akarudi kwenye dawati lake, akanyanyua kadi nyekundu.

Nyekundu maana yake sijaelewa. Njano, nimeelewa nusunusu. Kijani, nimeelewa vizuri. Mwalimu Urbanus alizileta kadi hizo kutoka semina ya Tabora, pamoja na kikohozi na neno jipya, "umiliki". Mwanafunzi amiliki ujifunzaji wake. Ajipime mwenyewe kwa rangi, kama taa za barabarani. Kwamba wengi wa watoto wale wa Mwandiga hawajawahi kusimamishwa na taa ya barabarani halikumsumbua. Semina ilikuwa na chai na maandazi, na mtu akishashiba huamini mengi.

"Umejibu sawa, halafu hujaelewa?" alimuuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi umebahatisha," alisema Mwalimu Urbanus, akaifuta alama ya vema.

Tangu hapo darasa la sita likagawanyika. Wa kijani walikaa mbele, wa nyekundu nyuma, penye dirisha lisilo na kioo. Kadi ya njano ilinyanyuliwa na wale wale wa mbele, siku walipochoka na kijani.

Edson, ambaye robo na nusu kwake zilikuwa kitu kimoja, alinyanyua kijani hata kabla somo halijaanza. Mwalimu aliita hiyo kujiamini. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini mwalimu wetu alilisikia kama ngoma ya harusi. Skolastika naye alipata yote katika kila jaribio, na hiyo ikaitwa wizi, ingawa Mwalimu hakueleza mtu wa nyuma anaiba nini kwa wa mbele waliokosa wote.

Jumatatu moja wa nyekundu waliingia darasani wameinamisha vichwa, wengine macho yamewavimba, huku wa mbele wakipunga kadi zao na kucheka. Mwalimu Urbanus, mtu asiyekaa vijiweni wala kusikiliza redio, aliona hapo matunda ya mbinu yake. Wajinga, alimwambia mwenzake ofisini, wameanza kuuona ujinga wao.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Likaja shindano la hisabati la mkoa, mjini Kigoma, na mshindi angesomeshwa bure katika sekondari ya bweni. Kila shule ipeleke mtoto mmoja. Skolastika aliitaka nafasi ile hata usingizini. Alifanya hesabu kwa kijiti mchangani akisubiri wateja wa mawese ya mama yake, na shule nzima ilijua nafasi ni yake. Hata Edson alijua.

Mwalimu akamchagua Edson. Ilikuwa aibu, na hakuna mwalimu mwenzake aliyefungua mdomo.

Mama yake Skolastika, Melania, alifika ofisini mikono bado ina rangi ya mawese, binti yake nyuma yake. Mwalimu hakusimama, wala hakumwonyesha kiti.

"Mwanangu amekukosea nini, mwalimu?"

"Mimi sijamnyima, mama. Amejinyima mwenyewe. Kila siku ananiambia kwamba haelewi." Akapanga zile kadi mezani. "Skolastika, sogea. Mbele ya mama yako, nyanyua kijani, niandike jina lako sasa hivi."

Skolastika aliitazama kadi. Machozi yakamtoka. Mikono yake ikabaki nyuma ya mgongo.

"Unaona?" Mwalimu Urbanus alitabasamu. "Hiyo ndiyo kujipima. Ni mambo ya kitaalamu, mama, nyinyi wa sokoni hamwezi kuyajua."

Melania alisogea mezani.

"Kwa hiyo ni kuinyanyua tu?"

"Kuinyanyua tu."

"Hii ya kijani?"

"Hiyo hiyo. Mwambie. Pengine wewe atakusikia."

Mama aliishika kadi kwa ncha za vidole viwili, akaigeuza, akairudisha mezani taratibu. Akajifuta vidole kwenye kitenge. Kisha akamshika binti yake bega, na kwa mara ya kwanza tangu aingie, uso wake ukalainika.

"Ego, ndiyo, mwanangu. Chukua mfuko wako, twende nyumbani."

Mlangoni akageuka, akamtazama Mwalimu Urbanus toka kichwani hadi kwenye viatu.

"Mpeleke huyo Edson, mwalimu. Kwetu hatujawahi kuzaa Yanga."