Yenye Haikimbie

Nyiramahirwe alisukuma mlango wa nyumba yao ya Kibumba, waliyoikimbia vita ilipofika. Kando ya mafiga kitu chenye madoa ya rangi ya majani makavu kilikuwa kimejikunja. “Nyoka!” aliita.

“Piga muguu chini, mama,” mama mkwe wake alimwambia kutoka uani. “Nyoka yenye inakimbia, uiache. Yenye haikimbie ni impiri. Hiyo ndiyo inauaga mutu.”

Alipiga mguu. Kitu hakikutikisika. Akainua jembe, akakishushia kwa nguvu zake zote.

Chuma kikalia.

Ulikuwa mkanda wa askari, ungali na unyevu wa jasho.

Akainua macho. Chini ya pazia la chumba cha ndani aliona buti mbili, zenye miguu ndani.

Akapiga mguu tena.

Hazikukimbia.