Siku Ambayo Yosefu Hakataliwi

Eustache aligonga mlango mara tatu kwa fimbo.

"Nani?" sauti ya mzee iliuliza kutoka ndani.

"Yesu, Yosefu na Mariamu."

"Mnataka nini?"

"Chakula na mahali pa kulala."

"Hapana nafasi. Nendeni zenu."

Theluji ya Machi ilikuwa ikiwapiga ubavuni. Iteka alikaza shela lake la buluu, akamhamishia mtoto kwenye bega la pili. Walizunguka jengo hadi mlango mwingine, wakagonga, wakafukuzwa vilevile. Safari hii aliyewafukuza alikuwa mwanamke, na aliwafukuza kwa raha, kama mtu aliyeingoja kazi hiyo mwaka mzima.

"Yosefu, punguza mwendo," Iteka alisema. "Mwenzangu Mariamu alipewa punda. Mimi nimepewa ndala."

"Punda wa Toronto anataka bima."

Iteka alicheka mpaka mtoto akaamka.

Ulikuwa mchezo. Wenye jengo hilo, chama cha Wasisilia wa kusini mwa Italia, walitoka Castelrocco, mji mkongwe wa mawe juu ya kilima, ambao sasa una makaburi mengi kuliko watu. Walihama na desturi yao. Kila tarehe kumi na tisa Machi, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, Yosefu na jamaa yake hugonga milango mitatu. Miwili huwafukuza, wa tatu hufunguliwa. Na wanaoigiza watakatifu hao lazima wawe maskini wa kweli. Padri wa mtaa wao wa Rexdale alipoulizwa kama anao, hakuomba muda wa kufikiri.

Eustache angekataa. Alikuwa mwalimu Bujumbura; hakuvuka bahari ili umaskini wake upigiwe makofi. Lakini padri aliongeza mambo mawili. Mwenye mlango wa tatu, Bwana Calogero, alikuwa wakili wa mambo ya uhamiaji. Na siku hiyo, Yosefu akiomba jambo mezani, hakataliwi.

Chini ya joho la Yosefu, katika mfuko wa shati, kulikuwa na barua iliyofika Jumatatu. Kwa mara ya pili, mkewe na mwanawe walikuwa wamenyimwa ruhusa ya kuishi Kanada. Barua ya kwanza ilikuwa na kurasa nne za sababu. Hii ilikuwa na mistari sita.

Wiki nzima kazini ghalani, kati ya boksi na boksi, Eustache alikuwa akikariri sentensi moja ya Kiingereza.

Mlango wa tatu ulifunguka kabla hajamaliza kugonga. Bwana Calogero alisimama kizingitini, mzee mwenye upara, taulo begani.

"Ingieni. Nyumba hii ni yenu."

Ndani watu mia mbili walisimama. Castelrocco yenyewe ilikuwa imebandikwa ukutani kwa picha: ngazi za mawe, mnara wa kengele, bibi mwenye nguo nyeusi akichambua maharage mlangoni. "Leo hamko Toronto," Bwana Calogero aliwaambia. "Leo mmetembea kwetu." Meza ilipanda kama madhabahu, imejaa machungwa na mikate iliyofinyangwa kwa umbo la jua, la ngazi, la msumeno. Tambi zilinyunyiziwa chenga za mkate uliokaangwa, eti ni vumbi la mbao la seremala.

Mzee aliwanawisha mikono, kisha akainama kuibusu, mmoja mmoja. Eustache aliutazama upara ule juu ya vidole vyake. Nchi hii ilikuwa haijawahi kumwinamia.

Mtoto aligoma kukaa mapajani mwa Eustache. Hakushangaa, mtu wa zamu mbili hana mtoto aliyemzoea. Alijaribu kumbembeleza kwa zeituni.

"Huyo hali zeituni," Iteka alinong'ona. "Mpe chungwa."

Chungwa lilifanya kazi. Mtoto alijiegemeza kifuani pake, juu ya barua, akanyonya chungwa kwa kelele. Eustache hakujitikisa, asije akamkumbusha yuko mikononi mwa nani.

Hatimaye Bwana Calogero aligonga glasi kwa kijiko. Ukumbi ukanyamaza.

"Mtakatifu Yosefu, unaomba nini kwetu?"

Eustache alisimama na mtoto mkononi. Sentensi ilitoka nzima, bila kukwama.

"Naomba mke wangu na mtoto wangu wakae nami hapa Kanada. Tusitenganishwe tena."

Macho ya mzee yalijaa machozi. Alimbusu mtoto utosini, akaushika mkono wa Iteka, akauweka juu ya mkono wa Eustache. Iteka aliinamisha uso.

"Umepewa," alisema wakili. "Nani atawatenganisha? Mkeo na mwanao si hawa hapa!"

Makofi yalitikisa glasi. Wanawake walijifuta machozi. Eustache alifungua mdomo aeleze, lakini sentensi aliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, na alikwisha kuitumia. Bendi ilianza. Watu mia mbili walipanga foleni kuwabusu mikono, na foleni ilipokwisha, mzee alikuwa ameshaondoka.

Saa tisa walitoka nje. Theluji ilikuwa imekatika. Mtoto alikuwa amelala fofofo begani mwa Eustache, na Eustache alitembea polepole sana kuvuka uwanja wa magari, polepole kuliko ilivyohitajika.

Gari moja la kijivu lilipiga honi. Iteka alivua shela la Mariamu, akanyoosha mikono, akampokea mwanawe.

"Baba yake huyo, katoka kazini," alisema. "Asante, kaka Eustache, umembeba vizuri. Na mkeo na mtoto kule kambini Kigoma, wao wanafika lini?"