Sketi ya Kijani

Bi Tatu alitandaza sketi mbili kitandani: nyekundu mpya, ya shule ya ng'ambo ya mji, na ya kijani, aliyoacha marehemu Zamzam, binti yake mkubwa, aliyesoma hapa mtaani.

"Vaa nyekundu, mwanangu. Huko wanafundisha kweli."

"Sikatai, mama," Mishi alisema. "Lakini huko nani anamjua dada?"

Bi Tatu alichukua wembe, akafumua pindo la ile ya kijani ili airefushe.

"Simama wima, twiga wewe. Umemshinda dada yako urefu."

Vumbi la chaki la siku za Zamzam likatoka pindoni, likamdondokea Bi Tatu mapajani, jeupe kama la jana.

Kengele ya shule ya mtaani ilipolia, Bi Tatu alisogea pembeni mlangoni, Mishi akapita na sketi ya kijani. Mama akabaki pale pale pembeni, kama mtu anayempisha wa pili.