Kijiko cha Pili

Kwenye shirika dogo la Bi Hidaya, lililotunza wazee majumbani mwao, hakuna aliyeajiriwa kabla hajalishwa uji. Aliyeomba kazi alipandishwa kwenye kitanda cha ofisini, akaegemezwa mito, akafumba macho, na Bi Hidaya mwenyewe akamlisha.

"Ukishajua kulishwa kukoje, hutamharakisha mzee wa watu," alimwambia Zamda, aliyekuja kuomba kazi asubuhi moja. "Kijiko cha pili hakiji kabla cha kwanza hakijamezwa. Wazee wanapaliwa kwa haraka zetu."

Zamda akafumba macho. Kijiko kikagonga meno yake, uji ukamwagikia shingoni. Akadhani ni sehemu ya mtihani, akabaki amefumba macho. Kingine kikaishia kifuani. Alipofumbua macho alimkuta Bi Hidaya ameukodolea macho mkono wake wa kulia, unaotetemeka na hautaki kutulia.

"Mkono umeanza lini hivyo, mama?"

"Si leo." Bi Hidaya aliweka bakuli mezani. "Wafanyakazi wangu hawajui, mwanangu."

Zamda alijifuta kwa ncha ya khanga. Akashuka kitandani, akaipanga mito upya.

"Basi sasa zamu yangu. Unione kama naweza kulisha."

Bi Hidaya alikitazama kitanda ambacho hakuwahi kukilalia tangu akinunue. Kisha akavua viatu, akapanda, akaegemea, akafumba macho.

Kijiko cha kwanza kiliingia taratibu. Uji ukakaa mdomoni mwa Bi Hidaya muda mrefu, hakuumeza. Zamda alikuwa ameshachota cha pili, amekishikilia hewani, anasubiri.