Nyaya za Majirani

Mama Waya alichomoa waya wa fundi cherehani, kisha wa shemeji yake, kisha wa saluni, kila mmoja akiuomba radhi kimoyomoyo. Alipomaliza, kwenye kile kisanduku cha kugawia mtandao ulibaki waya mmoja tu. Huo ulipita juu ya rafu na kuingia stoo, nyuma ya pazia, alikokuwa ameketi binti yake na kompyuta ya kuazima.

Akashuka kwenye stuli, akafunga mlango wa kibanda kwa komeo.

Msimlaumu haraka. Jana jioni redio ilikuwa imetangaza kwamba kampuni ya mtandao imefilisika. Ofisi zimefungwa, mkurugenzi hashiki simu, na mawakala kama Mama Waya, waliokuwa wakichukua mtandao kwa kampuni hiyo na kuwasambazia majirani, walipata habari redioni kama watu wengine wote. Mtandao ulikuwa bado unakuja, lakini kwa kusuasua, kama maji ya bomba siku za mgawo. Ukiugawa kwa mtaa mzima, hakuna anayepata kitu. Ukimwachia mtu mmoja, anaweza kuongea na kuonekana sura mpaka mwisho.

Na mtu huyo, leo, alikuwa binti yake. Alimaliza chuo cha uhasibu, akaomba kazi mpaka viatu vikaisha soli. Hatimaye kampuni moja ya mahesabu ikakubali kumfanyia usaili kwa mtandao, asubuhi hiihii. Akipata, watakula. Akikosa, tegemeo lao ni kibanda, na kibanda chenyewe ndicho hicho kinakata roho.

"We Mama Waya! Fungua!" Fundi cherehani alikuwa wa kwanza kugonga. "Wateja wananitumia vipimo, mimi naona kiduara kinazunguka tu!"

"Kampuni imekufa, jamani! Hukusikia redio?"

"Nimesikia. Mbona mapema leo mtandao ulikuwepo?"

"Mgonjwa naye si huongea kabla hajakata roho?"

Uongo mtupu. Nyuma yake taa za mashine za mtandao zilikuwa zinawaka kijani, zinapepesa kwa afya njema kabisa. Alivua sweta akazifunika, fundi asije akachungulia kwenye upenyo wa dirisha.

Wengine wakaja. Mama Waya alizitambua sauti zote, maana ni yeye aliyepita nyumba kwa nyumba akiisifia kampuni, akiwaambia watu wamwamini, yeye si mgeni kwao. Wakifungua na kuona nyaya zao zinaning'inia, watazirudisha wenyewe, na usaili utakatika katikati. Baada ya hapo sijui angewatazamaje. Ndani joto lilikuwa limepanda, bati limeshika moto, na hakuthubutu hata kuwasha feni, isije ikampigia binti kelele.

"Shemeji." Huyo alikuwa mdogo wa marehemu mume wake. "Watu wanasema unajificha. Toka uongee nao, mimi nipo."

"Siwezi, shemeji. Tumbo linanisokota."

"Tumbo ndilo lililofunga komeo?"

Watu wakacheka, ila kicheko chenyewe hakikuwa kizuri.

Nyuma ya pazia binti alikuwa amevaa vipokea sauti, kwa hiyo mama alisikia maneno ya upande mmoja tu.

"Ndiyo, kelele nazisikia. Hazinisumbui."

Vizuri, mwanangu.

"Hata kama ni mtu ninayemfahamu." Akasikiliza. "Nimeelewa. Hata akilia."

Mama Waya akakunja uso. Mahesabu gani haya ya kuliza watu? Labda wanakagua wezi. Haya, wezi na walie, tena walie sana.

Kisha kimya kikawa kirefu. Mtandao umekatika! Alisogeza pazia. La, watu wawili waliokuwa wakimsaili kwenye kioo cha kompyuta bado walikuwa wanatikisa vichwa. Binti ndiye aliyekuwa ameinama.

"Leo hii?" binti aliuliza, sauti ikiwa imeshuka.

"Unaweza!" mama alinong'ona, mikono juu kama mtu anayeshangilia mpira. "Sema unaweza!"

Binti aliinua macho akamtazama mama yake.

"Naweza," akasema.

Hapo mlango ukapigwa teke, bati likatikisika. "Tunavunja!" Mama Waya akakimbia akauegemea kwa mgongo. "Dakika moja, jamani! Nawaomba, dakika moja tu!"

Binti akatoka stoo, vipokea sauti vikiwa shingoni.

"Nimepata, mama."

Mama alimkumbatia akalia bila aibu. "Mungu mkubwa! Si nilisema? Haya, sasa tuwarudishie watu nyaya zao. Nitawaangukia miguuni, watanisamehe, hawa ni watu wangu." Akapanda stuli, akaushika waya wa fundi cherehani.

Binti akamshika mkono.

"Usirudishe, mama."

"Kwa nini tena?"

"Hawa walioniajiri ndio waliokabidhiwa na mahakama mali za ile kampuni iliyofilisika. Leo wanakusanya mashine zake kwa mawakala wote na kufunga vibanda, kabla watu hawajazificha. Kibanda hiki wamenipa mimi, kwa kuwa niko karibu."

Nje watu walianza kuhesabu kwa pamoja, wakijiandaa kusukuma.

"Nimeshaanza kazi," binti akasema. "Naomba utoke nje, mama."