Daraja Lililokosa Kura

Kila Desemba taifa lilipiga kura kuchagua matukio ya mwaka yatakayokumbukwa. Yaliyoshindwa yalifutwa vichwani kwa sindano, pamoja na waliokufa ndani yake, ili watu waanze mwaka wepesi. Safari hii kombe la mpira lilipita. Kuanguka kwa daraja hakukupita, na Shukuru, mtoto wa pekee wa Mwakipesile, alifia pale darajani.

"Mimi sichomwi," Mwakipesile alimwambia mkewe, Tulizo. "Nenda wewe, kama umechoka kulia."

"Usinisimange, Baba Shukuru. Tangu masika chakula hakinipiti kooni. Utakufa na hicho kichwa chako kigumu."

"Nife nacho."

Tulizo akaenda peke yake. Alirudi akiimba wimbo wa kombe, akawatania majirani, akakaa jikoni na kula ugali kama mtu aliyetoka kulima. Mwakipesile alifurahi kumwona anakula. Alifurahi kweli.

"Baba Shukuru, niongezee mboga." Kisha akasita, tonge mkononi. "Hivi, Shukuru ni nani?"

Mwakipesile alimtazama uso ulivyonawiri. Akamwongezea mboga.

"Ni jina tu, mke wangu. Kula."